Mume Aliyerudi Safari Ameoga

Mwanamume akitoka safari hurudi na mambo matatu: vumbi, njaa na nguo chafu. Hivyo ndivyo alivyojua yule mshona mapazia tangu aolewe, na hakuna aliyewahi kumpinga. Kwa hiyo Ijumaa ile mumewe alipoingia, akaweka begi karibu na mlango na kuinama kuvua viatu, mama huyu alinusa kitu kilichomfanya auache mkasi katikati ya kitambaa. Mumewe alikuwa ameoga. Si kunawa uso, ameoga hasa, kichwa mpaka unyayo, kwa sabuni ya harufu ya malimau ambayo haijawahi kukanyaga nyumba ile.

Alimwekea chakula, na jamaa akakidonoadonoa kama mgonjwa, akasema ameshiba, akaenda kulala. Mama akabaki mezani anaitazama sahani. Ameoga na ameshiba. Sasa nani kamwogesha, na nani kamlisha?

Mtaani walimwita Pima Tena, na jina hilo alilipata kihalali. Dirisha alilipima juu, katikati na chini, kisha akahamia upande wa pili akaanza upya, kwa sababu aliamini hakuna dirisha lililonyooka duniani, yapo tu ambayo bado hayajaumbuliwa. Mteja akimtajia vipimo kwenye simu, alivisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akachukua futi kamba yake akaenda kupima mwenyewe. Nyama ya buchani aliipima tena jikoni. Binti yake alipoleta ripoti nzuri kutoka shule ya bweni, mama alimpigia mwalimu kuuliza kama haijachanganywa na ya mtoto wa mtu mwingine. Mwalimu alicheka, binti hakucheka.

Mtu mmoja tu alikuwa hajaguswa na ile futi kamba, naye ni mumewe. Alikuwa fundi wa mashine za eksirei, anayetumwa na kampuni yake kwenye hospitali za mbali, mara nyingi ile ya mji wa machimbo, ambako mashine zilikuwa kongwe na zinazira kila mwezi. Alisafiri kwa ndege kuliko mbunge. Akisema anarudi Jumanne, ni Jumanne; akisema mashine imegoma, imegoma. Pima Tena hakuwahi kupiga simu hospitalini kuhakikisha. Jirani yake, nesi mmoja mwenye maneno, aliwahi kumuuliza inakuwaje anamshuku hata muuza maziwa lakini mume anamwacha hivihivi. Alijibu kwamba ukianza kumpima mume, usiku utalala na nani.

Lakini sabuni ni sabuni. Ukishainusa huwezi kuirudisha puani.

Kuanzia siku ile akaanza kuona vitu ambavyo pengine vilikuwepo siku zote. Ndani ya begi la zana, kati ya bisibisi na kipima umeme, alikuta kichupa cha mafuta ya mikono, kidogo kama kidole gumba, kinachonukia maua. Safari iliyofuata alikuta soksi nyepesi zilizokunjwa ndani ya kimfuko cha kitambaa, za mtu asiyekusudia kutembea. Mara peremende yenye karatasi ya dhahabu. Alivipanga vyote kwenye droo ya vifungo, akavifunika na zipu kuukuu. Fundi gani wa eksirei anapaka maua mikononi?

Kilichomtoa usingizini kabisa ni maneno ya jirani nesi, aliyekuja kuchukua pazia lake la sebuleni. Mume wa nesi alikuwa dereva wa mitambo kulekule machimboni, akija likizo kila baada ya wiki kadhaa. Nesi alisimulia, bila nia mbaya, kwamba siku hizi raha tupu, ndege inatoka machimboni asubuhi moja kwa moja, chakula cha mchana mume anakula nyumbani. Na Ijumaa iliyopita, alisema, mumewe alimwona Fundi palepale kiwanjani, wakaagana vizuri.

Pima Tena alikunja pazia akamkabidhi. Waume wawili wametoka kiwanja kimoja, asubuhi moja. Wa mwenzake alifika akala mchana mezani kwake. Wa kwake aliingia jua likizama, ameoga tena, ameshiba tena.

Shati la safari lilikuwa bado kwenye tenga la nguo chafu. Mfukoni alikuta kipande cha kadi ya kupandia ndege, kimekunjwa mara nne. Kilionyesha ndege iliyotoka mji wa kati. Mji wa kati, mtu akitoka machimboni kuja kwao, hauko njiani hata kidogo. Ni kama mtu atoke chumbani kwenda sebuleni kwa kupitia kwa jirani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu bwana ilikuwa ndefu, na ilikuwa na mahali pa kupumzikia.

Jioni moja akamuuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, kwa nini safari za machimboni siku hizi zinachukua siku nzima. Mumewe alikuwa anakata kucha. Akasema, bila kuinua kichwa, kwamba ndege za siku hizi hazieleweki. Kisha akatabasamu kidogo, akizitabasamia kucha zake. Tabasamu lile ndilo lililomuuma mkewe kuliko jibu lenyewe, maana lilikuwa la mtu aliyeficha kitu kitamu.

Basi akaamua. Palikuwa na muuzaji wa jumla wa vitambaa huko mji wa kati, na haikuwa uongo kwamba kitambaa kizito cha rangi ya majani kilikuwa kimemwishia. Mumewe alikuwa machimboni, anarudi Ijumaa. Pima Tena alipanda basi Alhamisi, akalala kwenye nyumba ya wageni inayonuka dawa ya mbu, na asubuhi akanunua kitambaa chake, akakipima mbele ya muuzaji mara mbili, akaenda nacho uwanja wa ndege. Mkasi aliuacha nyumbani kwa makusudi. Alijijua.

Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kumwambia huyo mwanamke. Alianza na ya heshima, kwamba mwenzangu, sisi sote ni akina mama. Alipofika nusu ya safari heshima ilikuwa imeisha. Kwa ndani, chini ya maneno yote, palikuwa na swali moja ambalo hakuthubutu kulitamka hata kimoyomoyo: je, kuna nyumba nyingine, yenye vitanda na watoto na picha za mumewe ukutani? Kama ipo, basi miaka yake yote ya ndoa ilikuwa pazia tu lililotundikwa mbele ya ukuta.

Uwanja wenyewe ulikuwa mdogo, wa ghorofa moja. Alikaa kwenye benchi mkabala na mlango wanapotokea abiria, mzigo wa kitambaa magotini. Hapo mlangoni alisimama mwanamke wa nguo ya njano, amejipamba, anajitazama kwenye kioo cha simu. Pima Tena alimkagua kuanzia visigino. Alipoona anajipulizia manukato shingoni, alisema moyoni, ndiye. Ndege ya machimboni ikatua, abiria wakaanza kutoka, na yule wa njano akakimbia mbele mikono wazi. Pima Tena naye akasimama, kitambaa kikaanguka. Aliyekumbatiwa alikuwa mzee wa fimbo, na mwanamke yule alimwita baba huku analia. Pima Tena aliokota kitambaa chake, akajipangusa magoti na kuona aibu.

Abiria waliisha. Mfagiaji alipita na ufagio wake. Mumewe hakutoka.

Alitoka nje kupata hewa, na alipogeuka kulitazama jengo, jicho lake la kazi likaenda madirishani lenyewe. Ghorofani palikuwa na madirisha mapana yenye mapazia ya rangi ya kahawia. Aliyeyashona hakupima. Yalikatwa mafupi, upindo umeinama upande mmoja, yameacha nafasi ya dhiraa nzima chini. Na katika nafasi ile, kwenye kiti kikubwa cha ngozi, alimwona mumewe.

Alikuwa amevua viatu. Miguu iko kwenye kijistuli, ndani ya zile soksi nyepesi. Nywele zilikuwa na maji, maana alikuwa ametoka kuoga wakati huohuo. Mhudumu wa kiume mwenye mvi alimletea chai kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema jambo, na mumewe akacheka mpaka mabega yakatikisika. Pima Tena alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomwona anacheka hivyo. Akasubiri. Sasa angetokea huyo mwanamke, akae kwenye kiti cha pili. Kiti cha pili kilibaki kitupu. Mumewe alikunywa chai, akala karanga moja moja, akafumba macho kidogo, akayafumbua, akatazama chumba kile kama mtu aliyekijenga mwenyewe.

Dereva teksi mmoja aliyekuwa amejiegemeza kwenye gari lake alimuuliza kama anahitaji usafiri. Pima Tena akasema anamsubiri mtu, akaonyesha dirishani. Dereva akasonya. Alisema yule hatoki, na kama anamsubiri atasubiri mpaka mvua ya mwakani. Hao walikuwa watu wa kadi.

"Kadi gani?"

"Kadi ya shirika la ndege, mama. Kila wakiruka wanaandikiwa pointi. Zikitosha wanapewa tiketi ya bure, ya mbele, kule kwenye viti vya kulala. Na kadi ya dhahabu wanaitunza kwa idadi ya kuruka. Basi mtu ana ndege yake ya moja kwa moja, ipo kila siku, nusu tupu, yeye anazunguka huku ili aruke mara mbili badala ya moja. Anakaa humo juu kwenye chumba chao cha kupumzikia, siku hizi wamewekewa na bafu, anaoga, anakula vya bure, anaondoka. Sisi huku nje hatupati hata wa kumbebea begi."

Alimshukuru. Alipaswa kufurahi, tena alijiambia afurahi. Hakuna mwanamke, hakuna nyumba ya pili, hakuna watoto wa kufanana na binti yake. Angeweza kununua soda akanywa palepale kwa raha. Lakini maneno mawili ya dereva yalikuwa yameshaingia, na kadiri alivyotembea kuelekea kituo cha basi ndivyo yalivyozidi kuzama. Nusu tupu.

Mwishoni mwa mwaka uliopita mama yake mzazi alifariki. Pima Tena alikuwa ameshatangulia kwao kumuuguza, mumewe amebaki nyumbani kwa ajili ya kazi. Msiba ulipotokea alimpigia simu alfajiri, naye akasema anakuja, maziko yafanyike akiwepo. Kutoka mji wanaokaa mpaka kwao kulikuwa na ndege ya kila asubuhi. Kaka zake walichelewesha jeneza ndani, wakachelewesha tena makaburini, watu wamesimama juani, mkwe hajaonekana. Mwisho wakazika. Alifika udongo ukiwa umeshafunikwa na watu wananawa mikono, akiwa na begi begani na macho mekundu, akasema ndege ya moja kwa moja ilijaa, ikabidi azunguke, na ya pili ikachelewa.

Kaka mdogo alitaka kusema kitu. Pima Tena ndiye aliyesimama mbele yake, na kanga ya msiba kiunoni, akasema mbele ya watu wote kwamba ndege zilijaa, au walitaka mume wake apae kwa mbawa zake? Kaka mkubwa aliinamisha kichwa akasema haya, mdogo wangu. Jambo likaisha hapo. Yeye, anayeipima nyama mara mbili, hakuuliza swali hata moja.

Ndani ya basi alilaza kichwa kwenye mzigo wa kitambaa, usingizi ukamkataa.

Alifika nyumbani Jumamosi asubuhi. Mumewe alikuwa amewahi zamani, amepika chai, anapiga mluzi. Akampokea mzigo, akamuuliza habari za huko na kama muuzaji hakumpunja. Pima Tena aliketi kwenye kiti cha cherehani, ambacho si cha kunywea chai.

"Kiti cha ngozi, pale dirishani," alisema. "Ulivua viatu. Ulikula karanga."

Mluzi ulikatika. Kwa muda alionekana kama mtoto aliyekutwa kwenye sukari, kisha polepole uso ukafunguka akaanza kucheka. Alidhani amelielewa jambo lote. Kumbe mke wangu ulinifuata, alisema, ulidhani nina mtu? Akaapa kwa marehemu baba yake kwamba hana mtu. Na kwa kuwa siri ilikuwa imeshatoka, akaileta yote mezani kwa furaha, maana ilikuwa imemlemea kwa miaka. Alitoa kadi kwenye pochi, akaiweka mbele yake kwa vidole viwili. Alimweleza habari za pointi, jinsi kila kuruka kunavyohesabiwa, jinsi kampuni inavyolipa nauli na mhasibu asivyojali njia, mradi tofauti si kubwa. Akamwonyesha kwenye simu picha ya ndege kubwa ya masafa marefu, viti vya mbele vinavyolala bapa kama kitanda, na mto na blanketi.

"Viwili," alisema. "Chako na changu. Nilitaka ikushtukize."

Pima Tena alitazama kitanda kile cha angani kama anavyotazama dirisha la mteja. Aliuliza wanagawa bure kwa faida gani. Aliuliza kama pointi huoza, naye akakiri kwamba zinaoza asiporuka. Aliuliza imebaki kiasi gani. Mumewe akakuna kichwa, akasema mwaka juzi alikuwa ameshafika, lakini wakapandisha kiwango. Akakimbiza tena, na mwaka huu wakapandisha tena.

"Kwa hiyo kila ukikaribia mlango, wao wanausogeza."

"Si hivyo, mama watoto. Ni utaratibu wao tu. Safari hii kweli bado kidogo."

Alisema kwa unyenyekevu, na Pima Tena akamwonea huruma kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mwanamume mzima, mwenye ufundi wa kuona mifupa ya watu, haoni kamba aliyofungwa. Huruma hiyo haikukaa. Alivuta pumzi akauliza lile alilokuja nalo.

"Siku ya maziko ya mama. Ndege ya moja kwa moja ilijaa?"

Mumewe aliigeuza kadi juu chini. Nje mtu alikuwa anapiga mswaki na kutema kwa kelele. Alianza kusema kwamba aliangalia saa, kwamba kwa saa zile alikuwa anawahi kabisa, kwamba isingekuwa ile ndege ya pili kuchelewa hakuna ambaye angejua. Mkewe akamngoja.

"Haikujaa," alisema. "Mwaka ulikuwa unaisha. Nilikuwa nimebakiza kuruka mara mbili tu, dhahabu isinitoke. Nikaona kwa kuwa safari ipo..."

Pima Tena alikuwa amejiandaa kwa mwanamke, akamtungia maneno kuanzia nyumbani mpaka mji wa kati, na sasa maneno yote hayakuwa na mtu wa kuambiwa.

"Angekuwa mwanamke ningejua pa kuanzia," alisema. "Ningemwendea. Hiki ni kiti."

Alichukua simu akatoka uani, akasimama kati ya mashuka ya kuanikwa. Hakuwa na hasira kama alivyotegemea. Alikuwa na aibu nzito, ya mtu aliyeuza kitu kibovu kwa ndugu zake mwenyewe bila kujua, na hakutaka kulala nayo hata usiku mmoja. Kaka mkubwa alipokea akiwa anatafuna. Waliulizana hali, watoto, mvua. Kisha akamwambia kwamba siku ile ya mama aliwaambia ndege zilijaa. Hazikujaa. Anaomba radhi kwa kuwasemesha vile mbele ya watu.

Kaka mkubwa aliacha kutafuna.

"Tunajua, mdogo wangu," alisema. "Binamu yetu alikuja na ndege hiyohiyo ya asubuhi. Alijilaza viti vitatu peke yake mpaka inatua."

"Mlijua siku ileile?"

"Siku ileile. Tuliingia ndani sisi wanaume tukakubaliana asikwambie mtu. Ulikuwa umeshafiwa na mama, tukaona tusikuongezee."

Pima Tena aliegemea nguzo ya kamba. Mwaka karibu mzima amewapigia simu, amewatembelea, amewasifia mumewe kwa kazi yake na safari zake, na wao wote, hadi kaka mdogo asiyeweza kuficha hata bei ya viatu, walimsikiliza wakaitikia. Yeye ndiye mpimaji wa familia. Kila mtu alikuwa ameshapima akajua, akabaki yeye peke yake, nao kwa upendo wakamfunika kama anavyofunikwa mtoto aliyelala. Alilia palepale kati ya mashuka, kwa sauti, bila kujali nani anapiga mswaki. Alimlilia mama yake, ambaye jeneza lake lilisimamishwa juani kwa ajili ya mtu aliyekuwa anazunguka angani kwa hiari yake. Kaka mkubwa hakukata simu. Alikaa kimya upande wa pili mpaka alipomsikia anapenga kamasi, akamwambia anampenda, jambo ambalo katika ukoo wao husemwa kwa nadra.

Aliporudi ndani, mumewe alikuwa palepale. Chai ilikuwa imefanya utando. Pima Tena alimwambia kwamba ndugu zake wanajua, walijua tangu siku ileile. Uso wa Fundi ulibadilika rangi. Alikumbuka jinsi walivyomkaribisha kila alipokwenda, wakamkalisha kiti kizuri, na kumbe walikuwa wanamtazama hivyo. Akasema kwa sauti ndogo kwamba atawapigia simu, awaombe msamaha mmoja mmoja.

"Hupigi. Utakwenda, ukasimame pale makaburini, uwaambie kwa mdomo wako kile ulichoniambia mimi. Kesho asubuhi, kwa ndege ya moja kwa moja."

Alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameumia kweli, na mkewe aliliona hilo; macho yake yalikuwa yamejaa. Alifungua simu papo hapo, akatafuta ndege ya kesho, ikawepo, na nafasi zipo. Pima Tena alisogea akasimama nyuma ya bega lake. Ukurasa wa kuandikisha abiria ukafunguka, na kabla ya jina, kabla ya kitu chochote, vidole vya mumewe vikashuka vyenyewe mpaka kwenye kile kisanduku cha chini na kuandika namba ya kadi, yote, bila kusita hata tarakimu moja.

Vidole vikasimama. Waliitazama wote wawili.

Fundi hakugeuka. Alianza kuifuta, tarakimu baada ya tarakimu, na mkewe akakaa nyuma ya bega lile mpaka ya mwisho ilipoondoka na kisanduku kikabaki cheupe. Hata hapo hakukiamini. Akamwambia ashuke tena chini, ahakikishe.

"Weka abiria wawili," alisema. "Nakwenda nawe."

Mumewe akasema kwa tahadhari kwamba viti vilivyobaki vya watu wawili ni vya nyuma kabisa, karibu na choo. Mkewe akasema hukohuko nyuma. Akavuta kiti cha cherehani, akaketi ubavuni pake ili aione simu vizuri.

"Na uanze kuandika jina langu."